Fundo la Mama Mkwe

Mashine yangu ya kunyonya vumbi ilikuwa imegoma kuvuta. Nilikung'uta mfuko wake, nikanyoosha bomba, nikaziba kila kiungo kwa selotepu. Wapi! Vumbi la mbao lilinijaa puani, nikawa nakohoa kama pikipiki mbovu.

Nikazunguka nyuma ya karakana, bomba linakotokea nje. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa mtandio wa mama mkwe, kwa fundo la kukata na shoka. Nikaanza kulifungua kwa hasira.

Dirisha la chumba chake, juu kidogo ya bomba, likafunguka.

"Ni mimi, baba, unisamehe," alisema. "Niliona haya kukwambia. Tangu nilifunge hilo bomba, nalala bila kukohoa."

Nikameza kikohozi changu.

"Hakuna neno, mama," nikasema, nikalikaza fundo upya.