Mkono Uliokuwa Ukisubiri

"Usinipandishie sauti, dada. Nilimsaidia kidogo tu."

"Kidogo? Nimempa mtoto krayoni, kaishika, kisha kainua mkono hewani ananitazama. Unajua anasubiri nini? Anasubiri niushike nimchoree!"

Mdogo wangu alitazama sakafu. Kwa miezi minne nilimwachia binti yangu kila asubuhi nikienda kazini, amfanyishe mazoezi ya mikono tuliyopewa na mtaalamu wa tiba: kukanda udongo, kutunga shanga, kuchora mistari na duara. Jioni nilikuta michoro mezani. Niliibandika ukutani, mingine nikaipeleka kliniki. Mtaalamu akasema mtoto amepiga hatua kubwa, na kuanzia wiki ijayo nafasi yake atapewa mwingine.

"Ulikuwa unarudi umechoka," alisema. "Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi. Nilicheza hapa sebuleni kama kichaa, na wewe ukanipigia makofi."

Binti yangu bado alikuwa ameinua mkono, kiganja kimelegea, krayoni nyekundu ikining'inia kati ya vidole viwili. Hakuwa na haraka. Alijua mkono mwingine utakuja.

Nilichukua simu nikampigia mtaalamu.

"Tafadhali usimtoe mwanangu kwenye orodha," nilimwambia, macho yangu yakiwa kwa mdogo wangu. "Michoro yote ile kachora mama yake mdogo."