Ngiri na Nyumba ya Bibi Yake

Katika ukoo wa Ngiri, kila mtu huingia nyumbani kinyumenyume, ili adui akifuata akutane na meno. Hivyo ndivyo Ngiri alivyoingia siku aliyokwenda kununua shimo alimolelewa na bibi yake. Alikaa ndani, akatazama nje. Mlango ulikuwa uleule, na kilima kilikuwa kilekile ambako bibi alikuwa akimwonyesha mvua ikija.

"Haijabadilika hata kidogo," alisema. "Chukua viazi vyangu vyote vya kiangazi."

"Mjukuu wangu, viazi hivyo ni chakula cha wanao," alisema mzee Muhanga, mwenye nyumba, aliyekuwa jirani wa bibi. "Geuka kwanza."

Ngiri aligeuka. Mizizi ilikuwa imepasua dari, ukuta wa nyuma umeanguka, na maji yamesimama pale alipokuwa akilala.

"Enzi za bibi haikuwa hivi!"

"Ilibomoka kila masika, na kila masika bibi yako aliikandika. Wewe ulikuwa ukitazama kilima."

"Kuitengeneza kutachukua muda gani?"

"Maisha yako yote. Yeye ilimchukua yake."

Ngiri alirudi kwake na viazi vyake. Mlangoni alisita, kisha akatanguliza kichwa kwa mara ya kwanza. Mkewe alikuwa chini ya ufa wa dari, pua imejaa udongo.

"Hee, baba watoto! Leo mgongo umeuacha nje? Adui akija je?"

"Akija aningoje," alisema Ngiri, akachota udongo. "Nina kazi."