Kurasa za Mwisho

Tembo alikuwa amefika ukingoni, mto umefurika, na mtoto wake yuko ng'ambo analia. Mkutubi alifunua ukurasa aone kama atavuka. Ukurasa haukuwepo. Kilichobaki ni ukingo mwembamba wa karatasi, uliokatwa kwa mkasi, taratibu, na mtu asiye na haraka.

"Na hiki pia?" bintiye aliuliza kutoka kitandani.

"Na hiki pia, mwanangu."

"Basi atavukaje?"

Mkutubi aliachana na vyombo vilivyomngoja jikoni, akaketi, akaanza kutunga. Alimvusha tembo, akamkausha, akampa na chakula. Mdomo ulisimulia, lakini roho ilikuwa juu juu. Hicho kilikuwa kitabu cha nane cha maktaba kukatwa ndani ya mwezi mmoja. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya kitabu cha sayansi. Chura alikatiwa njiani, mkia angali nao, na ikambidi mama aeleze mkia huenda wapi, kisha miguu hutoka wapi, hadi mboga zikaungua.

Jumatatu mkuu wa maktaba alimwita.

"Dada, sehemu ya watoto iko mikononi mwako. Vitabu vilivyokatwa vikifika kumi nitakupeleka ghalani ukapange magazeti ya zamani."

Tangu hapo hakutulia. Alizunguka katikati ya rafu, akahesabu mikasi kwenye droo, akawachungulia watoto waliokohoa. Na kila alipozunguka, macho yalirudi kwa mtu mmoja.

Alikuwa mzee mstaafu, wote wakimwita Mzee wa Posta. Kila alasiri aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamekaribia kidevu, akasoma vitabu vya picha, vya wadudu, vya sayari. Alicheka peke yake. Mkoba wake hakuuachia.

"Mtu mzima anatafuta nini kwa vipepeo?" mkutubi alimnong'oneza mlinzi.

"Yule? Yule hata inzi hamfukuzi."

Jumatano mzee alitazama huku na huku, akasukumiza kitu mkobani. Mkutubi alikuwa ameshafika.

"Mzee, naomba nione humo."

"Humu mwangu?"

"Humo humo."

Mzee aliumimina mkoba mezani: kifuko cha miwani, kalamu mbili, bahasha zenye stempu, na daftari. Mkutubi alilifungua. Hadithi ya tembo ilikuwa imenakiliwa yote kwa mwandiko safi wa mtu aliyeandika anwani maisha yake yote. Pembeni palichorwa tembo aliyefanana zaidi na nguruwe.

"Nina mjukuu, anaishi mbali, kwao hakuna maktaba," mzee alisema. "Namnakilia, namtumia. Huyo mnyama amenishinda kumchora, naona aibu watu wakimwona."

"Lakini... umeandika hadi mwisho."

"Ijumaa mchana ukurasa wa mwisho ulikuwepo. Mtoto ndiye aliyemtupia mama yake kamba ya mgomba. Kwani ukurasa umepotea?"

Mkutubi alihisi uso unawaka. "Nisamehe, mzee wangu. Nisamehe sana."

"Yamekwisha, binti."

Lakini hayakuwa yamekwisha. Mzee alikusanya vitu vyake kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza akatoka bila kuaga watoto.

Alasiri yote mkutubi hakuweza kukaa. Ili mikono ipate kazi alifungua sanduku la vitabu vipya, akachukua cha juu kabisa, kitabu cha nyuki, akakigonga muhuri wa maktaba ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Kwenye ule wa mwisho, malkia mpya alikuwa akiruka kutoka mzingani. Kitabu hakikugusa rafu wala hakikushikwa na msomaji yeyote. Alikitia kwenye mfuko wake, akaenda nacho nyumbani.

Aliuweka mfuko kitandani kwa bintiye, akaingia jikoni kubandika maharage, akachambua mchele, akarudi.

Alisoma haraka, miguu ikielekea mlangoni. Nyuki walitafuta maua. Nyuki walijenga nta. Malkia mpya alitoboa chumba chake, akakunjua mabawa. Mama akafunua.

Ukingo mwembamba wa karatasi.

Kidole chake kilipita juu ya ukingo ule, kikarudi, kikapita tena. Aliponyanyua macho, bintiye alikuwa ameshajisogeza hadi ukutani, akiacha kitandani nafasi ya kumtosha mtu mzima.