Laptop Yenye Homa

Laptop ilikuwa imelala chini ya blanketi mbili kama mgonjwa wa malaria, na Waithaka alikaa kando yake akingoja homa ipande.

"Ongeza shuka," akashauri Janice, dadake mdogo. "Baba lazima ataigusa. Imchome."

Wazo lilikuwa la Janice. Alimletea kakake wazo hilo tarehe tisa, bure, kama mtu anayetoa zawadi. Laptop yenyewe, aliyopewa na Baba, haikuwa mbaya. Ilikuwa ya wastani, ya mtu wa wastani, na Waithaka, aliyekuwa akiingia chuo kikuu Jumatatu, hakujiona mtu wa wastani. Katika duka moja kule Hurlingham alikuwa ameona nyingine, nyembamba kama daftari.

"Usiombe mpya," Janice alimwambia. "Ikatae hii tu. Huruma ya Baba itamalizia."

Baba yao, Mzee Zachariah, alikuwa amestaafu ukarani, lakini ukarani haukuwa umemstaafu. Nyumbani kwake Mountain View, hata ruhusa ya kwenda sinema iliombwa kwa barua, naye akaigonga barua hiyo muhuri wa IMEPOKELEWA, wenye tarehe, aliotengenezewa River Road.

Jumamosi alivaa miwani, akasoma malalamiko ya mwanawe kwa sauti.

"Udhaifu wa kwanza: inachemka. Wa pili: betri haimalizi saa moja. Wa tatu: skrini inaumiza macho." Akaigusa laptop, akaurudisha mkono upesi. "Na nguvu zake?"

"Haina, Baba," alisema Waithaka, kwa huzuni aliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Hata moja?"

"Hata moja. Afadhali nikae bila."

"Janice, umesikia?"

"Nimesikia, Baba. Pole, Waithaka."

Mzee akagonga muhuri. "Ombi limekubaliwa. Utakaa bila. Chuo kina kompyuta." Kisha akamsogezea Janice laptop, na chaja yake juu.

Waithaka akamgeukia dadake amtetee. Janice alikuwa ameshaifungua, anaipulizia ipoe.

Faili ya Baba ilibaki wazi mezani. Chini ya malalamiko ya Waithaka kulikuwa na barua nyingine, kwa mwandiko wa Janice: *Nguvu za Laptop ya Waithaka, Endapo Ataikataa.* Betri, saa saba. Skrini, safi. Haichemki, ila ikifunikwa blanketi.

Ilikuwa imegongwa muhuri tarehe sita, siku tatu kabla ya lile wazo.