Ubao wa Miguuni

Houda alimsimamisha Melchior ubavuni mwa gari, akampima kwa kamba toka utosini mpaka kisigino. Kamba ikakizidi kitanda cha garini kwa kiganja kizima na vidole viwili.

"Miguu itaning'inia," akasema.

Dative, mke wa Melchior, akacheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, amejifunga kitenge juu ya sweta ingawa jua la Buyenzi siku hiyo lilikuwa la kuyeyusha lami. "Pima tu, mudogo wangu. Ukiendelea hivi, seremala mumoja atakuoa."

Gari lilikuwa la Mzee Mohamadi, mjomba wake Houda: basi dogo aliloling'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi na mapazia. Waliolikodi mara nyingi ni watu waliokuja likizo toka Ulaya. Hawa wawili walitoka Mutakura tu, mtaa wa mji uleule, na hawakuwa na sura ya likizo.

Houda, aliyezoea kutazama kuliko kusema, aliona mapema. Melchior alikuwa mrefu, mkavu kama ufito, macho yamezama. Shati lilimpwaya. Alipewa chai ikapoa mkononi. Kila alipoulizwa neno, alijibu mkewe.

Dative alifungua daftari la shule, akapanga njia. Siku ya kwanza walale Rumonge, kando ya ziwa, wale samaki wa mukeke wa kuchoma. Miaka kumi na miwili ya ndoa, ziwa wameliona Kajaga tu, hapa jirani na mji. Ya pili Rutana, kwenye maporomoko. Ya tatu wapande Ruyigi, kwa mama yake Dative. Huko ndiko aliko binti yao Christa, tangu mambo ya hospitali yalipoanza.

Mzee Mohamadi aliposikia hospitali, akafuta grisi mikononi, akasogea. Hakuzunguka. Mgonjwa atambeba, alisema, ila maiti hapana. Polisi watadai karatasi, gari litazuiliwa njiani, na kitanda hicho kuna watu wanakilalia. Mgonjwa akizidiwa, wageuze.

Melchior aliinuka, akaenda kusimama nyuma ya gari.

"Tutafika, mzee," Dative akasema, safari hii bila kucheka. "Daktari ametupa wiki tatu. Mi naomba siku tatu tu. Sitaki Christa aletewe sanduku. Nataka akute mutu anasema."

Mzee akatazama chini, akasema Mungu awafikishe.

Toka hapo Houda aliishika safari ile kama ya ndugu yake wa damu. Alimbembeleza fundi aongeze ubao miguuni pa kitanda, akaushonea kigodoro chake. Akatafuta mito miwili, beseni, na shuka jipya ambalo mjomba alikuwa amelifichia wageni.

Dative alikuja na mumewe kutazama kazi. Akamkalisha Melchior mbele ya jiko, akamfundisha kuliwasha, kisha kupika uji usishike chini. Mara mbili uliungua. Mara ya tatu Dative akauonja, akasema Christa ataukubali, asisahau tu kwamba mtoto hapendi sukari nyingi. Melchior alikuwa amempa mgongo, anakwangua sufuria iliyokwisha kutakata. Houda akawaza: anamtafutia kazi ya mikono, asijione mzigo.

Kisha akauliza gari litarudi lini, aandike.

"Andika tarehe thelathini. Baba Christa atalileta yeye mwenyewe."

Houda akabaki na kalamu hewani. Masikini, tumaini limemzidi akili.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Dative akamuuliza. "We unavaa viatu namba ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Kumbe tuko sawa."

Asubuhi ya safari Houda alifungua mlango wa nyuma mapema. Akalitandika shuka, akalivuta likabana mpaka kwenye ule ubao. Walipofika, alimnyooshea Melchior mkono amsaidie kupanda.

Melchior akampita. Akazunguka mbele, akakaa penye usukani.

Dative alivua viatu vyake, akavipanga pamoja chini, visigino vimegusana. Akashika ukingo wa mlango, akapumzika, akashika tena. Alipanda hivyo, kidogo kidogo, jasho likimtoka ndani ya sweta, mpaka akafika kitandani na kujilaza. Melchior alikuwa akitazama kwenye kioo, mikono yote miwili juu ya usukani.

Houda aliokota viatu. "Mama Christa, umesahau…"

"Apana. Ni vyako hivyo. Funga pazia, mudogo wangu."

Houda akalishika pazia. Miguu ya Dative, midogo, imevimba, haikuufikia ule ubao.