Kipa wa Akiba

Eetu alimkuta kipa namba moja wa Ufini amepiga magoti chooni, anatapika. Yalikuwa mapumziko ya mwisho ya fainali ya hoki ya barafuni ya vijana wa Ulaya, na walikuwa wanawaongoza Waswidi kwa bao moja tu.

Mashindano yote, Eetu, kipa wa akiba, alikuwa ameingia barafuni kupasha misuli moto tu. Baba yake alikuwa akimpigia simu kumtania, "Vipi, benchi halijapoa?" Kila shangwe aliyopigiwa mwenzake ilimchoma kama pilipili jichoni.

"Ni kile kisahani cha mchezo kilichokugonga kichwani?" Eetu aliuliza.

"Nyamaza, ndugu yangu. Kocha asijue."

"Leo siku gani?"

Mwenzake alifikiri sana. Ute ulikuwa unamning'inia kidevuni.

"Jumanne," akasema, kisha akacheka. "Au wivu tu unakusumbua, mlinda benchi?"

Ilikuwa Jumapili.

Eetu akatoka haraka, viatu vyake vya barafu vikigonga sakafu ya mpira. Alijua anachofanya ni haki, maana aliyeumia kichwa hachezi. Alijua pia kwamba moyoni anafurahi, na kwamba angekwenda kusema hata kama angejibiwa Jumapili.

Kocha aligeuka kabla Eetu hajafungua mdomo, akamtazama juu mpaka chini.

"We, nani kakwambia uvae helmeti?"

Eetu akajishika kichwani. Hakukumbuka aliivaa saa ngapi.