Kipele Kwenye Plasta

Kipele kilitokea tena, palepale, kwenye kaakaa la umbo la plasta. Fundi wa meno bandia hakushtuka. Hewa ikinaswa kwenye nta wakati wa kupima kinywa, plasta inayomiminwa humo hutoka na kipele. Dawa yake ni kisu.

Alianza kukikwangua taratibu. Lilikuwa umbo la tatu la kinywa cha mteja mmoja, na mteja mwenyewe alikuwa mama mkwe wake. Mara zote tatu alimpima akitazama pembeni, kwa heshima. Mtu na adabu zake hachungulii kinywa cha mama mkwe.

Shida ya mama ilikuwa moja. Kila akitafuna, maumivu yalipanda shavuni mpaka sikioni, akasukuma sahani. Alikonda hadi gauni likamning'inia. Aliwaambia ndugu wote kwamba meno ya mkwe yanatafuna uso wake badala ya chakula, nao wakacheka. Fundi alichomwa moyoni. Miaka ishirini kazini, hakuna aliyewahi kumrudishia meno mara mbili.

Wiki iliyopita alimuuliza tena kwa upole.

"Yanakubana wapi hasa, mama?"

"Hata nikiyavua panauma, baba. Na shavu limeanza kufa ganzi."

Fundi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Meno yaliyolala kikombeni yanamuumaje mtu? Mama alipotangulia nje, alimnong'oneza mkewe aliyemsindikiza kwamba mama hajawahi kumpenda, sasa amepata kisingizio. Leo asubuhi mkewe alimchukua mama yake wakaenda hospitali, bila kuaga.

Shauri yao. Yeye angewanyamazisha kwa kazi. Kipele hiki kilikuwa kikubwa kuliko vile viwili vya kwanza, na kigumu kidogo kukiondoa. Alikwangua, akapiga msasa, akapuliza vumbi. Simu ikaita.

"Wamekuta uvimbe kwenye kaakaa, juu kinywani mwake," mkewe alisema. "Wanashuku saratani ya tezi za mate. Daktari anasema haukuota jana wala juzi."

Fundi aliweka msasa mezani.

"Anauliza ni nani aliyempima meno," mkewe aliendelea. "Anataka aletewe yale maumbo ya plasta, aone ulivyokuwa ukikua."

Fundi alipitisha kidole gumba juu ya umbo la tatu. Lilikuwa laini kabisa, kama yale mawili.